Dar tunahitaji taasisi ya chuo ya kulea teknolojia ya kesho, la sivyo kila mwaka tunaanza na buibui yuleyule

FundiAggrey

Wakuu habari za muda huu. Uzi una urefu kidogo, mwenye haraka apite atarudi jioni akitulia.

Mi ni fundi simu Kariakoo, mtaa wa Aggrey. Kabla ya hapo nilisoma mambo ya kompyuta chuo kimoja hapahapa mjini, jina tuliache maana sijaja kumsema mtu. Mwaka wa mwisho kila mwanafunzi anatakiwa afanye projekti, na mimi nimekulia Kigogo, mvua kwetu ni kuamshwa saa tisa usiku mama anapandisha godoro juu ya kabati na baba anatoka na tochi kuangalia maji yamefika ngazi ya ngapi kwa jirani. Kwa hiyo sikuhangaika kutafuta projekti, nikasema natengeneza kitu cha kupima maji ya Msimbazi yakianza kupanda watu wapate meseji.

Kitu chenyewe kilikuwa kopo la rangi la lita nne nimelitoboa matundu mawili kwa chini. Ndani kuna sensa ya sauti, zile za bei rahisi kabisa zenye macho mawili kama ya bundi, jicho moja linapiga sauti ambayo sikio la mtu haliisikii, la pili linasubiri mwangwi. Sauti hewani inaenda kama mita 340 kwa sekunde, ukijua imechukua muda gani kwenda na kurudi unajua maji yako umbali gani kutoka darajani, yakipanda umbali unapungua, mashine inatuma meseji kwa laini ya kawaida ya simu. Darasani ilifanya kazi safi kabisa, nilikuwa napimia ndoo.

Sasa njoo darajani. Wiki ya kwanza tu nikapata meseji usiku maji yamepanda zaidi ya mita, nikatoka mbio na kandambili, nafika mto umetulia kama kawaida, kumbe buibui ametanda utando kwenye mdomo wa kopo, sauti inagonga utando inarudi. Nikasafisha nikapaka mafuta ya taa pembeni. Wiki inayofuata likaja godoro chakavu likanasa kwenye nguzo chini ya kopo, mashine ikaliona godoro ikajua ni maji. Halafu nikagundua namba za saa nane mchana na za alfajiri hazilingani wakati maji ni yaleyale, nikahangaika siku nne nzima nikidhani waya umelegea, kumbe ni joto, sauti inaenda haraka zaidi hewa ikiwa ya moto, kwenye nyuzi 30 inafika karibu mita 349. Yote hayo nikawa naandika kwenye kaunta buku, tarehe, saa, namba, na kilichotokea.

Na kubwa kuliko yote nililokuja kuelewa mwishoni kabisa ni kwamba kopo la darajani peke yake limechelewa. Msimbazi unaanzia huko vilima vya Pugu na Kisarawe, unaweza ukawa Jangwani hujaona hata tone na maji ya huko juu tayari yako njiani yanakuja. Inatakiwa upime mvua huko juu, upime na mto katikati, ujue yanachukua saa ngapi kushuka, na hilo sio la mvua moja, ni la misimu kadhaa ya masika.

Hapo ndo muda ukaisha. Nikawasilisha, nikapata A, ripoti ikawekwa jalada gumu ikaingia kabatini, kopo nikarudi nalo nyumbani. Mwaka uliofuata dogo mmoja akaanza projekti ileile kuanzia sifuri, hakuna aliyemwambia kuna mtu alishapita hapo, na kabatini anaingia mwenye ufunguo tu. Tulikuja kukutana kwa bahati dukani kwangu kaleta simu, tunapiga stori ananiambia kaka usiombe, mashine yangu inatuma meseji za uongo, nikamwambia angalia buibui. Akanitazama kama mganga.

Wakuu hicho ndicho kinachoniuma mpaka leo. Kazi haikuwa mbaya na msimamizi wangu alikuwa mtu mwema tu, ila hakukuwa na mahali pa kuiweka ikaendelea kupumua baada ya mimi kuondoka. Hicho ndo nimekuja kuongelea, tuwe na taasisi ndani ya chuo ambayo kazi yake ni kukaa na vitu ambavyo havijaiva, miaka kumi, miaka ishirini, wanafunzi wanakuja wanaondoka ila kitu kinabaki palepale kinakua. Naendelea chini.

FundiAggrey

Naendelea.

Kuna taasisi moja Marekani inaitwa Calit2, imeanzishwa mwaka 2000 ndani ya vyuo vikuu viwili vya California, cha San Diego na cha Irvine. Wamekusanya watu wa kompyuta, madaktari, watu wa redio na mawasiliano, wasanii wa muziki na picha, wote pamoja, swali lao ni intaneti na kompyuta zitakuja kufanya nini maishani mwa watu huko mbele, na hawaishii kuliandika, wanakijenga kitu wanaishi nacho waone kinawasumbua wapi.

Mkurugenzi wake wa kwanza ni Larry Smarr, huyu kasomea fizikia ya nyota, na kabla ya hapo aliongoza kituo cha kompyuta kubwa huko Illinois, ndipo ilipotoka Mosaic mwaka 1993, kile kivinjari kilichowafanya watu wa kawaida waanze kuifurahia wavuti. Sasa huyu mzee alifanya jambo ambalo mi nalipenda sana, akaamua mwili wake mwenyewe ndo uwe maabara. Anapima damu, anapima choo, mwaka baada ya mwaka, anachora grafu. Siku moja akaona kipimo kimoja cha damu kinachoonyesha uvimbe wa ndani kiko juu, akaenda kwa daktari, akaambiwa kama hakuna kinachokuuma rudi utakapoumwa. Baadae tumbo likaanza kuuma kweli, na kwa kufuatilia ile mistari yake ikaja kujulikana ana ugonjwa wa utumbo unaoitwa Crohn's. Angalieni alichokuwa nacho mkononi, vipimo vya miaka mfululizo vya mtu mmoja. Kipimo cha siku moja kisingemwambia kitu.

Na hapohapo chuo cha San Diego, mwaka uleule 2000, kuna watafiti walianza kufunga redio juu ya milima, mtandao unaitwa HPWREN, wanaunganisha darubini kubwa ya Palomar, vipimo vya matetemeko ya ardhi, na jamii za wenyeji asilia waliokuwa wanaishi mbali na intaneti. Ulikuwa utafiti tu, wanataka kujua mawimbi yatafikaje nyikani. Mwaka 2003 kusini mwa California kukaungua vibaya, moto wa Cedar peke yake uliua watu 15, na mwaka huohuo mtandao ule wa utafiti ukawa unawapelekea zimamoto intaneti kambini porini. Wakaongeza kamera milimani, zikazaa nyingine, leo ule mradi wa ALERTCalifornia wa chuo hichohicho una kamera zaidi ya 1,000 jimbo zima, na tangu 2023 zimamoto wa jimbo wanatumia akili mnemba kutazama picha hizo usiku na mchana kutafuta moshi, moto unaonekana kabla hata mtu hajapiga simu.

Sasa hesabuni, 2000 mpaka 2023. Wanafunzi wangapi wamehitimu hapo katikati? Kamera hazikuhitimu nao.

Kijenge_wa_Sayansi

Mkuu nimekusoma na hilo la buibui limenigusa, ila naona kama unaomba kitu ambacho tayari kipo. Pale Kijitonyama Sayansi kuna COSTECH, ile tume ya sayansi na teknolojia, hapo hapo kuna Buni, kituo cha ubunifu, na kampasi ya TEHAMA ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ni mwendo wa miguu tu kutoka hapo. Majengo yapo, watu wapo. Tukianzisha taasisi nyingine tutaishia kuongeza kibao barabarani na gari la mkurugenzi.

FundiAggrey

Mkuu Kijenge nashukuru, na kwenye kibao tuko pamoja kabisa. Sijasema tujenge jengo jipya. Ikiwa ni vyumba vitatu palepale Sayansi mi nimeridhika.

Ila tutofautishe mambo. Vituo vya ubunifu kazi yao ni kumchukua kijana mwenye wazo akue mpaka liwe biashara, na ni kazi nzuri, wapo rafiki zangu walipita huko wana maduka yao leo. Sasa kopo langu la rangi utamuuzia nani? Mteja wake ni mama yangu Kigogo ambaye hawezi kulipia meseji ya mafuriko, na anayeweza kulipa anataka kwanza aone imefanya kazi masika matano bila kudanganya. Hapo katikati, kati ya projekti ya mwanafunzi na kitu cha kuuzika, ndo hakuna mtu amekaa.

Na kwamba inawezekana hapahapa Dar tunao mfano. Ramani Huria, ule mradi wa kuchora ramani za maeneo ya mafuriko, 2015, wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliingia mitaani na simu mkononi pamoja na wenyeji wa kata zile zinazofurika, droni juu, wao chini wanahesabu nyumba moja moja, mifereji, madaraja ya mbao, mpaka vichochoro. Wakaviweka kwenye OpenStreetMap, ramani ya mtandaoni ambayo mtu yeyote anaifungua. Wale wanafunzi leo wana watoto, ila mimi nikifungua simu saa hii naziona nyumba za kwetu na mfereji nyuma yake. Hiyo kazi haikufa kwa sababu haikuwekwa kabatini.

BiMkubwa_Changanyikeni

Wanangu salama? Huwa nasoma tu sichangii ila huyu kijana kanitoa ukumbini.

Mimi ni wa zamani kidogo. Nchi hii mwaka 1974 serikali ilizuia kuingiza kompyuta, na marufuku ile ilidumu miaka mingi. Sasa fikirieni, mtu aliyesoma wakati huo akitaka kujua kompyuta itatufanyia nini kesho angeijulia wapi? Ndo maana nikisikia vijana wanadai mahali pa kujaribu vitu ambavyo havijaiva siwezi kusema wana haraka, wenzetu walitutangulia na sisi tulifunga mlango kwa mikono yetu.

Halafu kuna jambo lingine watu wamelisahau. Mwishoni mwa 2004 idara ya kompyuta pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilitoa Jambo OpenOffice, programu nzima ya kuandikia barua na kupiga mahesabu, menyu zote za Kiswahili. Ilikuwa ni mradi wa KiLinux, walishirikiana na wataalamu kutoka Uswidi, na iliwezekana kwa sababu OpenOffice ni programu huria, unaruhusiwa kuifungua na kuibadili. Mimi nilifundisha nayo karani mmoja wa ofisini kwetu, mama wa makamo ambaye alikuwa haigusi kompyuta kabisa, anasema ile inaongea Kizungu. Siku nilipomfungulia akaona limeandikwa Faili, Hariri, Tazama, akavuta kiti. Sikuwa nimemwambia avute. Akakaa akaanza kusoma menyu moja moja kwa sauti kama mtoto wa darasa la kwanza, alipofika kwenye Hifadhi akaniuliza kwa hiyo hapa ndo naiweka isipotee? Nikamwambia ndio.

Programu za kompyuta zinahitaji mtu wa kuzihudumia kila toleo jipya linapotoka, maneno mapya yanaongezeka kila siku. Hiyo si kazi ya mradi wenye tarehe ya mwisho. Kijana anasema kweli.

FundiAggrey

Shikamoo mama. Nimesoma hapo kwa yule mama aliyevuta kiti nikarudia mara mbili.

Na ndo maana kwenye hiyo taasisi watu wa Kiswahili wasiwe wageni waalikwa, wawe na meza yao ya kudumu mlemle ndani. Hizi akili mnemba zinazokuja ukiongea nazo kwa Kiswahili cha Kariakoo zinapotea, mteja anasema "simu imezima ghafla ikanigomea kuwaka" mashine inatafsiri neno kwa neno inaleta mambo ya ajabu. Nani atakusanya namna watu wanavyoongea kweli Mbagala, Tandale, Temeke, akaihifadhi vizuri kwa ridhaa yao? Muuza intaneti hatafanya hiyo kazi, hii ni kazi ya chuo.

Mkulima_Kiromo

Niongeze la shambani maana naona mko mjini tu. Huku Bagamoyo tunalima muhogo, na muhogo una magonjwa mawili yanatumaliza, batobato na michirizi ya kahawia. Batobato unaiona kwa macho jani limekunjamana lina mabaka. Michirizi ndo mbaya, shamba linaweza kupendeza kwa juu ukija kuchimba unakata mzizi unakuta ndani umeoza una mabaka ya kahawia kama kuni iliyounguzwa, mwaka mzima umepotea.

Kuna programu ya simu inaitwa Nuru, unaelekeza kamera kwenye jani inakwambia mmea una shida gani, inaongea Kiswahili na haihitaji bando ukiwa shambani. Picha za majani za kuifundishia mwanzoni zilipigwa kwenye mashamba ya IITA, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa kilimo, huku Bagamoyo, na chuo cha Penn State cha Marekani ndo kikafundisha mashine. Nashukuru sana wametusaidia, ila najiuliza, majani yetu, ugonjwa wenyewe wa michirizi uliandikwa mara ya kwanza kutoka Tanganyika miaka ya 1930, mkulima wetu, mbona mashine ikasomeshwe Pennsylvania? Kama kungekuwa na hiyo taasisi anayoisema FundiAggrey pale Dar mwendo wa basi moja tu kutoka huku, mwanangu mwenyewe angeenda kukaa nayo.

Hesabu_Kwanza

Wakuu yote mazuri, pesa? Utafiti wa kesho haumlishi mtu leo. Naomba majibu kwa heshima zote.

FundiAggrey

Swali la haki mkuu.

Wenzetu California kila taasisi kati ya zile nne zilizoanzishwa pamoja ilipewa na jimbo dola milioni 100, kwa sharti kwamba watafute nje mara mbili ya hizo. Sisi hizo hatuna tusidanganyane. Njia nyingine ni ya Media Lab, maabara ya chuo cha MIT hukohuko Marekani, ile ya tangu 1985, makampuni yanalipa ada ya uanachama kila mwaka yanakaribishwa kuona kila kinachofanyika humo, ndo humo ilitoka ile wino ya kielektroniki iliyopo kwenye visomeo vya vitabu kama Kindle. Ila hata hiyo usiinakili kichwakichwa, walifungua tawi Dublin mwaka 2000, kufika mwanzoni mwa 2005 limefungwa, serikali ya Ireland na MIT walishindwana namna ya kuliendesha kifedha. Walikuwa na jina kubwa na jengo zuri tu.

Mi ninachoomba ni kidogo na nimeshakipigia hesabu kichwani mara nyingi nikiwa nimeinamia simu ya mtu. Watu sita wa kudumu, namaanisha mishahara, ambao hawafundishi vipindi ishirini kwa wiki, kazi yao kupokea kazi za wanafunzi zenye uhai na kuzishika mkono mpaka wanaofuata waje. Karakana yenye waya wa kulehemu, oskiloskopu ya kuonea umeme unavyocheza, na fundi anayejua kutengeneza, na hapa naomba nieleweke, fundi kutoka mtaani awe na kiti humo kama daktari wa falsafa. Aggrey kuna vijana wanabadilisha chipu ndogo kuliko punje ya mchele kwa mkono mtupu wakitazama kwa lenzi, hawana cheti hata kimoja, wangemwonyesha mhandisi kwa nini kifaa chake kitakufa na chumvi ya bahari ndani ya miezi mitatu. Na mwisho kila kitu kiwekwe wazi, michoro, programu, namba, na makosa, hasa makosa. Ukurasa wangu wa buibui una thamani kuliko hitimisho la ripoti yangu lote.

Makampuni ya simu, mabenki na bima hapa mjini yanafurikiwa na yenyewe, mwendokasi pale Jangwani unasimama maji yakijaa watu wanatembea kwa miguu mpaka Magomeni. Hasara ya siku moja kama ile tu ingewalipa hao sita kwa muda mrefu.

Hesabu_Kwanza

Hapo kwenye watu sita nimekuelewa. Nilidhani unataka jumba.

dogo_wa_fainali

Kaka FundiAggrey shikamoo. Mi nipo mwaka wa mwisho sasa hivi, chuo sisemi, projekti yangu ni kupima kina cha mto Msimbazi kwa sensa ya sauti. Sitanii. Nimesoma huu uzi mikono inatetemeka. Yangu nimeifunga kwenye bomba la plastiki, tangu juzi inasema maji yamepanda sentimita 90 na hakujanyesha.

Hiyo kaunta buku bado unayo?

FundiAggrey

Marahaba mdogo wangu. Ninayo, iko dukani kwenye droo ya betri, kurasa za mwanzo zimelowa kidogo ila zinasomeka. Leo nikifunga naipiga picha ukurasa kwa ukurasa naziweka hapahapa kwenye uzi kila mtu azione, na Bi Mkubwa kama una mtu Mlimani anayeweza kuzitunza mahali penye usalama zaidi ya hapa naomba uniunganishe naye.

Bomba lako usilitoe darajani kwanza. Jumamosi saa moja asubuhi nakuja na ngazi na tochi, nikute umeshaandika namba za usiku kucha kila baada ya nusu saa, pamoja na joto. Na mdomo wa bomba uuwekee pete ya bati iliyopakwa grisi, sikuwahi kuijaribu hiyo, muda uliniishia.